Jaani Hapakuwa na Nguo

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojipanga karibu na mlango ili muwahi kutoka kabla ya maswali.

Nimetakiwa nizungumzie onyesho la mavazi yaliyotengenezwa kwa vitu vilivyotupwa, shughuli ambayo baadhi yenu mngependa kuiona ikifanyika hapa Pemba. Maonyesho ya namna hii yameshaenea. Yamefanyika Lagos, yamefanyika Nairobi na Kampala, na mengi yanafanana: binti anapita mbele ya watu amevaa gauni la mifuko ya plastiki lililopambwa kwa vifuniko vya soda, watu wanapiga makofi, mgeni rasmi anahimiza usafi wa mazingira, picha zinapigwa, na jioni gauni linarudi lilikotoka. Sina ugomvi na makofi. Ila naona tukilileta onyesho hilo Pemba kama lilivyo, tutakuwa tumechukua mchezo wa watu wengine na kuwachezea watazamaji ambao hawadanganyiki kirahisi. Mwanamke wa Wete akikutana na mwenzake njiani, kabla salamu haijamalizika keshajua kama kanga ile ni pamba tupu au mchanganyiko, kama ni doti yenyewe au kipande kimetafutiwa mwenzake, na kama upindo umepigwa cherehani au umeshonwa kwa mkono. Ukimpitishia mtu huyu vifuniko vya soda atatabasamu kwa adabu, kisha ataenda zake.

Jicho hilo lina asili yake, na asili yenyewe si ya kufurahisha. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Mikono ya kuchuma ilihitajika, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Nguo yao ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho mwanzo kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Biashara ya Wamarekani hapa ilikuwa nzito kiasi kwamba balozi wao mdogo alikuwa keshakaa Unguja tangu 1837. Baadaye kitambaa kilitoka hata Bombay, kikaendelea kuitwa jina lile lile. Merikani ikitiwa rangi ya nili inakuwa kaniki, na kaniki nayo ilikuwa nguo ya wanawake wa kazi. Mtumwa mwanamume hakuvaa kofia mbele ya bwana wake. Viatu havikuwa vyake. Mtu alijulikana ni nani kwa kilichokosekana mwilini mwake.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameeleza vizuri kilichofuata. Watu walioachwa huru walianza na nguo. Wanaume walivaa kanzu na kofia, vitu walivyokuwa wamekatazwa. Wanawake waliiacha merikani nyeupe, au waliitia rangi na kuipiga nakshi ili isifanane tena na ile waliyopewa, na kila walipopata fedha walinunua kanga. Baadaye baibui, vazi lililokuwa la wanawake wa tabaka la juu, likavaliwa na kila aliyetaka. Hakuna aliyewaandalia semina ya haki zao. Walikwenda dukani.

Naomba tusilipite haraka jambo hili, kwa sababu ndilo linaloamua kama onyesho letu lina maana au halina. Unapomwambia mjukuu wa watu hawa apande jukwaani amevaa polo la mchele, unamwomba kitu kikubwa kuliko unavyodhani. Bibi yake mkuu alitumia fedha ya kibarua chake cha karafuu kununua doti ili asivae tena alichotupiwa. Na wala si lazima turudi mbali hivyo. Wazee mliomo humu mnakumbuka miaka ya dhiki ya bidhaa, kabla milango ya biashara haijafunguliwa katikati ya miaka ya 1980, wakati kitambaa cha sare ya skuli kilikuwa jambo la kutafutiwa mtu wa kukusaidia. Kwa mtu aliyewahi kuvaa kiraka kwa kukosa, kiraka cha kuchezea hakichekeshi. Mgeni anayekuja na kamera hana kumbukumbu hiyo. Yeye anaona rangi na ubunifu. Sisi tunaona kama mtoto wetu amepanda pale akiwa na hadhi au amepandishwa ili achekwe kwa sababu nzuri.

Lakini watu hao hao waliokataa kudharauliwa kwa nguo hawakuwa watu wa kutupa nguo. Huo ndio upande wa pili wa mambo, na mimi nauona mtamu zaidi. Inasimuliwa kwamba kanga yenyewe ilianza kwa kuunga. Leso za mkononi zilizochapwa nakshi ziliuzwa zikiwa bado hazijakatwa katika jora. Wanawake wa pwani wakawa wananunua sita, wanazikata tatu tatu, wanazishona pamoja, wanapata vazi moja pana lenye mirabaa sita. Wenye viwanda walikuja kuiga baadaye wakachapa kipande kizima. Yaani vazi tunalojivunia kuliko yote lilibuniwa na mwenye sindano aliyeona kitu kidogo, kilichokusudiwa kufutia pua, akakifanya kikubwa.

Na tazameni maisha ya kanga ndani ya nyumba. Ikiwa mpya ni ya harusini, ya maulidi, ya kwenda kumwangalia mzazi. Ikipauka inakuwa ya nyumbani na ya jikoni, kisha ya shamba. Ikifuliwa mpaka ikalainika kabisa, hapo ndipo thamani yake inapopanda tena, maana mtoto mchanga hataki kitambaa kipya kinachokwaruza; anataka kilichochoka. Inakuwa mbeleko, inakuwa winda. Kipande kilichobaki kinakunjwa ngata ya kuwekea ndoo kichwani. Halafu tambara la kushikia sufuria, halafu la kufutia sakafu, na mwisho kabisa uzi wake unasokotwa utambi wa kibatari, ukaungua. Imekwisha. Kisutu peke yake kilisamehewa safari hiyo, kikakaa sandukuni kusubiri shughuli. Mtu akitaka kujua kwa nini wazee wetu hawakuwa na neno la kueleza tatizo la nguo chakavu, jibu ni kwamba hawakuwa na tatizo. Jaani palikuwa na majivu, maganda ya muhogo na vifuu. Nguo hapakuwa nayo.

Leo ipo. Pita kwenye mfereji wowote wa Chake Chake baada ya mvua, au nenda pwani penye mikoko maji yakiwa yametoka, utaziona: blauzi, shali, suruali za watoto, zimejizungusha kwenye mizizi. Wengi husema ni kwa sababu watu wamekuwa wabadhirifu. Mimi siamini hivyo hata kidogo. Mama wa leo anabana matumizi kama alivyobana mama yake. Kilichobadilika ni kitambaa.

Pamba ina tabia ya kunywa maji. Katika hewa ya kawaida tu, kabla hujailowesha, kitambaa cha pamba kimeshabeba unyevu wa kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake. Polista haifiki hata nusu ya asilimia 1. Polista ni plastiki, ni jamii moja na chupa ya maji ya kunywa, imeyeyushwa na kuvutwa ikawa uzi. Sasa chukua shali ya shifoni iliyochakaa ujaribu kuishusha daraja kama ulivyoishusha kanga. Winda haiwi, kwa sababu mkojo wa mtoto unapita kama hapana kitu. Tambara la jikoni haliwi, kwa sababu linasukuma maji badala ya kuyafuta, na ukishikia sufuria ya moto linayeyuka mkononi. Ngata inateleza. Utambi hauwaki, unadondosha matone meusi yanayonuka. Kila daraja ambapo kanga ilipumzika, shali hii inakataliwa, kwa hiyo kutoka harusini inaruka moja kwa moja mpaka jaani. Na zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani sasa ni polista. Kanga nyingi zilizomo madukani zimechanganywa, na abaya zinazotoka Dubai karibu zote ni za namna hiyo.

Mnaona basi kwamba taka ya nguo haikuletwa na ubadhirifu. Imeletwa na robota. Juu ya robota za mitumba zinazovuka kutoka Dar es Salaam na Unguja, kuna mizigo ya ndugu walioko Maskati, ambayo tunaipokea kwa furaha na nisingependa mtu aniondokee hapa akidhani naisema vibaya. Serikali za Afrika Mashariki zilijaribu kufunga mlango. Mwaka 2016 wakuu wa nchi wa Jumuiya walikubaliana mitumba iondoshwe kabla ya 2019. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya ikarudi nyuma mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Mitumba ikaendelea kuja. Kuna watu wengi wanaoishi kwa biashara hiyo na sioni faida ya kuwalaumu. Fundi anayepunguza suruali ya mtumba kiuno pale sokoni ni miongoni mwa mafundi hodari tulionao.

Ndiyo maana naipinga kidogo mifuko ya plastiki kama malighafi ya onyesho letu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2006, miaka mingi kabla ya Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara Juni 2019. Ingawa bado tunaiona, si sifa kushona gauni kwa kitu ambacho sheria imekikataza kuwapo. Chupa nazo hazina mwili wa kuvaliwa. Kitu kinachotupwa Pemba na ambacho fundi anaweza kukigeuza kikawa nguo ya kweli ni nguo yenyewe: mabaki yanayoanguka chini ya cherehani, sare za harusi zilizovaliwa mara moja, mitumba ya chini ya robota isiyopata mnunuzi, abaya lililochanika pindo. Najua onyesho la namna hii halitatoa picha ya kushangaza kama kofia ya makopo. Linatoa vazi.

Na kama kuna mtu anadhani Wapemba wanahitaji kufundishwa habari ya masalio, nampeleka Wawi. Karafuu ikishachambuliwa kwenye kishada hubaki makonyo, vijiti vitupu. Kiwanda cha Makonyo hapo Wawi kinavikamua kwa mvuke na kupata mafuta yenye eujenoli kwa wingi, yanayohitajika katika manukato, sabuni na dawa za meno. Nakitaja kiwanda hiki kwa sababu moja tu. Hakuna mnunuzi anayenunua mafuta ya makonyo kwa kuyaonea huruma makonyo. Anapima, ananusa, analipa. Nataka nguo za onyesho letu zipimwe hivyo hivyo. Jaji asiambiwe kwanza kwamba gauni hili lilikuwa shuka la hospitali na koti; aletewe gauni, aliguse, aligeuze ndani atazame mshono, atoe alama, ndipo aambiwe lilitoka wapi.

Wako watu waliotutangulia, na ni vyema kujua nani anafaa kuigwa na nani anafaa kuheshimiwa tu kwa mbali. Kinshasa, mwaka 2015, msanii Eddy Ekete alianzisha tamasha la KinAct, na wenzake hutoka mitaani wamejifunika toka utosini hadi miguuni nyaya za umeme, simu mbovu, makopo, ndala, vichwa vya wanasesere. Picha zao alizopiga Mfaransa Stephan Gladieu zimezunguka dunia. Ni kazi kubwa. Lakini ni vinyago vya kuogofya, vimetengenezwa ili mpita njia ashituke na aulize nani kautupia mji huu takataka hizi. Ukimvalisha binti wa Micheweni vazi la namna ile ukaita mitindo, utakuwa hukuwaelewa watu wa Kinshasa wala watu wa Micheweni. Kwa ndugu zetu wa Lamu tunapata fundisho jingine. Mwaka 2018 fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake waliteremsha baharini dau la Flipflopi, lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki na kupambwa kwa ndala zaidi ya 30,000 zilizookotwa, na mapema mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Dau lile liliheshimiwa kwa sababu lilielea. Lingezama pale pale Lamu, ndala zisingeliokoa.

Mwenye kutufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni Lamine Badian Kouyaté, mwana wa Mali aliyehamia Paris na kuanzisha XULY.Bët mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alinunua sweta na nguo za mitumba, akazifumua, akaziunga upya kwa uzi mwekundu ulioachwa nje uonekane. Mshono ule mwekundu haukuomba radhi. Ulisema: hapa pamekatwa na hapa pamepona, na mimi ndiye niliyefanya. Wanawake wa Paris wenye fedha walinunua. Karibu nasi zaidi, Bobby Kolade wa Kampala alianza mwaka 2022, kwa jina la Buzigahill, kuchukua mitumba ya soko la Owino, kuikata na kuishona upya, kisha kuiuza huko huko Ulaya na Marekani ilikotoka. Ukali wa utani huo mimi unanifurahisha kila nikiufikiria.

Lakini wapo ambao hawatajwi kwenye majarida na wanatuhusu kwa damu. Wasidi wa Karnataka, kusini-magharibi mwa India, ni kizazi cha Waafrika waliovushwa bahari, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona matandiko yanayoitwa kavandi kwa nguo zilizochakaa: sari, mashati, chochote. Mshonaji huanzia pembezoni, hupanga kiraka juu ya kiraka, na kuzunguka kwa mishono midogo myepesi mpaka akutane na kati. Kwenye pembe nne huweka vipande vilivyokunjwa kama maua. Hakuna michoro wala vipimo, na hakuna matandiko mawili yanayofanana. Nikizitazama kazi zile naona mikono ninayoijua. Mwanamke wa Pemba anayetoboa na kushona viua vya kofia kwa miezi, tundu baada ya tundu, halafu kofia ile inavaliwa Ijumaa na mtu wa Maskati asiyejua jina lake, ana subira ile ile. Mpe huyu mabaki ya kitambaa cha kanzu na uzi, umwache. Usimpe semina ya ubunifu.

Sasa jukwaa. Ninajua kuna wazee wenye wasiwasi juu ya mabinti kupita mbele za watu, na wasiwasi huo si wa kupuuzwa wala wa kufanyiwa hila. Lakini pwani yetu haikungoja wageni iijue shughuli ya kuonesha nguo. Tunayo miaka nenda miaka rudi, ndani, wanawake kwa wanawake, siku ya bi harusi kutolewa. Kila aliyeingia amejiandaa kwa miezi, kila upindo unakaguliwa, na hukumu inatolewa bila kipaza sauti na haina rufaa. Wenye shughuli siku hizi hukataza simu mlangoni. Kwa nini onyesho la mavazi ya wanawake lisiwe namna hiyo? Ukumbi wao wenyewe, hakuna kamera, mpambaji wa maharusi, mshona kofia na muuza mitumba ndio majaji. Mavazi ya watoto, kanzu na makoti yaoneshwe nje, siku ya sikukuu, kwenye viwanja kama vya Tibirinzi ambako watoto wameshavaa vizuri na watu wamekuja kutazama kwa hiari zao. Wafadhili watanuna kwa kukosa picha za ukumbini. Wawekewe nguo kwenye henga wapige watakavyo.

Nirudi kwa mafundi, kwa sababu wao ndio watakaobeba kazi, na mambo mengine yanaamuliwa na moto na sindano. Mabaki lazima yachambuliwe kwanza. Fundi hahitaji maabara: anachomoa uzi anauwasha kiberiti. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Polista inajikunja, inatoa moshi mweusi, na kuacha kidonge kigumu. Pamba ina kazi nyingi, hata vipande vidogo. Polista haina kazi ya kufuta, lakini ina sifa yake: haikunjamani, inakauka upesi, rangi haipauki. Inafaa koti la mvua, mkoba, upande wa nje wa tandiko. Ishushiwe daraja lake lenyewe, ambalo kanga haikuwa nalo. Polo la mchele au la unga ni polipropilini, na huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 160 za joto, wakati pasi iliyowekwa kwa ajili ya pamba huenda 200. Kwa hiyo mwenye kulitaka apige pasi juu ya kitambaa kingine, achome kingo kwa mshumaa zisifumuke, na aweke bitana ya pamba ndani, vinginevyo mvaaji atachubuka kwapa kabla ya nusu saa. Nyavu mbovu za nailoni ni imara kupita kiasi kwa nguo, lakini ni mikanda na mikoba ya maisha. Vifungo hatuna haja ya kununua. Kifuu kikisuguliwa kinang'aa kuliko kifungo chochote cha dukani, na wasukaji wa ukili wanajua namna ya kumalizia ukingo wa mkoba bila cherehani. Walimu wa ushoni katika vituo vya mafunzo ya amali wanaweza kuyaweka haya katika somo bila kusubiri onyesho lolote.

Kuna suala la malipo, ambalo kila mtu hupenda kulizungumza mwisho wakati watu wameshachoka. Nguo ya masalio ina kazi zaidi ya nguo mpya. Kitambaa cha jora unakitandika na kukata. Koti kuukuu lazima ulifumue mshono kwa mshono, ulifue, ulinyooshe, utafute sehemu isiyolegea, ukate ukikwepa doa. Mteja anaposikia limetoka kwenye mtumba hutaka bei ishuke. Kwa haki ilitakiwa ipande. Kama onyesho litakuwa na fedha, na maonyesho haya hutafutiwa fedha, basi fundi alipwe muda wake kabla ya mahema, kabla ya fulana zenye nembo, kabla ya posho ya mgeni rasmi. Fulana zenye nembo, kwa taarifa yenu, mara nyingi ni za polista, na nyingi zinavaliwa siku moja. Nimewahi kuona shughuli ya mazingira iliyoacha taka nyingi kuliko ilizookota, na waandaaji wake walikuwa watu wema kabisa.

Na kila nguo itakayooneshwa ipewe sharti moja tu: iwe imeshavaliwa na kufuliwa walau mara kadhaa kabla ya siku yenyewe, na mwenyewe awe tayari kuivaa kesho yake kwenda sokoni. Sharti hilo litapunguza washiriki, najua. Litawatoa wenye gundi na wenye pini, litawabakisha wenye sindano.

Kwa upande wa kuanza, hatuna haja ya kamati kubwa. Ramadhani ndiyo mwezi ambao mafundi wa Chake, Wete, Mkoani na Konde hawalali kwa nguo za sikukuu, na ndio mwezi ambao mabaki yanajaa chini ya vyerehani mpaka yanachomwa au kumwagwa. Yawekwe mapolo mawili katika kila duka litakalokubali, moja la pamba na moja la vitambaa vingine, na kijana mmoja wa kila mtaa ayakusanye usiku baada ya tarawehe. Fundi asilipishwe wala asihubiriwe. Baada ya sikukuu tutandike mkeka, tuyamwage, tuone tunacho nini, ndipo tupange tarehe ya onyesho.

Nimemaliza. Mwenyekiti ataruhusu maswali, na ninamwomba awaanzie mafundi, kisha akina mama, kisha wale wa mlangoni kama bado wapo.